Mafungo ya yoga na taamuli India: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nirudi kutoka India mara ya pili, maswali ni yale yale: ya jirani, ya wenzangu kazini, ya watu wanaopanga safari. Shangazi yangu wa Tanga aliuliza moja tu, "Huko mnasujudia nini?", nalo ndilo gumu kuliko yote. Liko kwenye sehemu ya dini.

## Kabla hujaamua

Mafungo ya yoga na taamuli, yaani kutafakari, ni kitu gani hasa?

Neno "mafungo" Wakatoliki wanalijua vizuri: unatoka nyumbani siku kadhaa, unaishi kwa ratiba ya watu wengine, simu unaiweka kando. Huku ni hivyo hivyo, tofauti iko kwenye kinachofanyika. Kwa jina hilo moja yanauzwa mambo manne yasiyofanana, na wengi wanaorudi wamekasirika walinunua moja wakidhani ni jingine.

Kuna ashramu, yaani makazi ya kiroho ya Kihindu yanayopokea wageni: unafanya mikao ya yoga, unahudhuria nyimbo na sala zao, unafagia uwanja au kuosha vyombo. Kuna kozi ya kimya, ambayo ni kukaa na kutafakari tu, bila yoga hata kidogo. Kuna shule za kufundisha walimu wa yoga, ambako unasoma na kufanya mtihani. Mwisho kuna hoteli zenye darasa la yoga asubuhi na masaji mchana. Hoteli si dhambi, ila usilipe bei ya hoteli ukitegemea ashramu.

Lazima niwe najua yoga? Mimi hata vidole vya miguu sivigusi.

Si lazima. Ashramu nyingi zina darasa la wanaoanza, na kwenye kozi ya kimya yoga haimo kabisa. Kinachohitajika ni kuweza kukaa, nako ndiko kunakotesa (tazama swali la magoti).

Niende wapi: Rishikesh, Kerala au Igatpuri?

Rishikesh iko jimbo la Uttarakhand, pale mto Ganga unapotoka milimani. Ndiko kwenye ashramu nyingi: ya Sivananda imekuwepo tangu 1936, na Parmarth Niketan tangu 1942. Kila jioni watu hukaa kwenye ngazi za mto kwa ibada ya taa, na hata asiyeamini huondoka kimya. Ashramu ya Maharishi Mahesh Yogi, walikokaa wanamuziki wa The Beatles mwaka 1968, sasa ni magofu ndani ya hifadhi ya Rajaji, na unalipa kiingilio kuyaona. Mji wenyewe una kelele: pikipiki, ng'ombe na mahujaji wote wanabanana kwenye daraja la Ram Jhula. Ukitaka kuchagua kati ya walimu wengi, nenda huko.

Kerala, kusini, kuna ashramu ya Sivananda ya Neyyar Dam, iliyoanzishwa na Swami Vishnudevananda mwaka 1978, karibu na Thiruvananthapuram. Mtu wa Pwani hatajihisi mgeni sana: minazi, joto, migomba. Madarasa ya yoga ni mawili kwa siku na milo miwili, saa 4 asubuhi na saa 12 jioni. Kwa anayeanza, ratiba kama hiyo inambeba bila yeye kuwaza afanye nini.

Igatpuri, jimbo la Maharashtra, ni kwa ajili ya kozi ya kimya ya siku 10 ya Vipassana, njia ya kutafakari. Kituo cha Dhamma Giri kilianzishwa na S. N. Goenka, mfanyabiashara mzaliwa wa Mandalay, Burma, aliyeanza kutafakari mwaka 1955 akitafuta nafuu ya kipandauso. Huko hakuna utalii. Ukishaingia getini, hutoki.

Kwa nini nisafiri mbali hivyo wakati Paje na Shela kuna yoga?

Ukitaka yoga na bahari, baki. Lamu ina hata tamasha lake la yoga. Lakini mafungo ya fukweni kwetu yamepangwa kwa mgeni aliyekuja likizo, bei ziko kwa dola, na jioni kuna muziki. Jambo jingine watu hawalisemi: nyumbani hujifungi kweli. Atakupigia mtu kuhusu msiba, kuhusu fundi, kuhusu gari.

## Dini

Mimi ni Mwislamu. Je, inaruhusiwa?

Mimi si shehe, na wanazuoni wenyewe hawajakubaliana. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 lilikataza yoga inayochanganya mikao, ibada na matamko; Indonesia mwaka uliofuata ilikataza ile yenye matamko ya Kihindu, si mazoezi ya mwili peke yake. Saudi Arabia nayo mwaka 2017 iliitambua yoga kuwa mchezo. Mpaka umechorwa pale pale kote: kunyoosha mwili ni jambo moja, kuabudu ni jambo jingine.

Kwa hiyo swali la shangazi ndilo la kuuliza kabla ya kulipa. Kwenye ashramu za Kihindu, nyimbo za asubuhi na jioni ni ibada: kuna sanamu, ubani, taa na majina ya miungu. Baadhi huruhusu mgeni akae nyuma kimya au asihudhurie. Nyingine zinataka kila mtu awepo. Waandikie, na wakijibu kwa kuzungukazunguka, hilo nalo ni jibu. Kuna pia mfululizo wa mikao unaoitwa salamu kwa jua, na wapo Waislamu wa India kwenyewe walioupinga. Nilimwambia mwalimu wangu siufanyi. Akanipa mingine ya kupasha mwili moto, hakuuliza kitu.

Beba msala, na kumbuka kibla kimehama. Dar es Salaam tunaelekea kaskazini. India ni magharibi. Siku ya kwanza Rishikesh nilisali kwa mazoea nikiwa nimeielekea milima ya Himalaya.

Na Mkristo?

Mengi ni yale yale. Kwa Wakatoliki kuna barua ya Vatikani ya mwaka 1989 kuhusu sala na njia za kutafakari za Mashariki. Haikatazi moja kwa moja kila kitu, ila inaonya mtu asidhani utulivu wa mwili ndio Roho Mtakatifu. Kanisa lako likiwa na msimamo mkali zaidi, ni bora uzungumze na mchungaji kabla ya safari kuliko kujieleza baada ya picha kusambaa kwenye kundi la familia.

Kwenye kozi ya kimya naweza kuswali swala tano?

Hapa tuseme ukweli. Kanuni za kozi ya Goenka zinamtaka kila mwanafunzi asimamishe sala, ibada, kufunga, tasbihi na kila desturi ya dini kwa siku zote 10. Hazisemi dini yako ni mbaya. Zinataka njia ijaribiwe bila kuchanganywa na nyingine. Lakini kwa Mwislamu swala si desturi ya kuwekwa kando. Usiingie ukidhani utaswali kwa kujificha. Andika kwenye fomu ya maombi, uulize, usubiri jibu la maandishi. Jibu likikukwaza, usiende. Ashramu yenye chumba cha mtu mmoja inakupa nafasi zaidi. Ramadhani nayo panga isigongane na kozi yoyote, kwa sababu ratiba nzima imefungwa kwenye saa za kula.

## Viza, njia na pesa

Viza gani inahitajika?

Viza ya utalii ya mtandaoni inaruhusu kozi fupi ya yoga. Wakenya, Watanzania na Waganda wanaiomba wenyewe, angalau siku 4 kabla ya kufika, na pasipoti iwe na miezi 6 mbele na kurasa mbili tupu. Tovuti ya serikali ya India inaishia na gov.in. Zipo nyingine zinazofanana nayo kama pacha na zinatoza mara mbili au tatu. Rafiki yangu alilipa huko, viza akaipata, na akaamini ndiyo bei mpaka tulipolinganisha risiti.

Beba nakala kadhaa za pasipoti na viza pamoja na picha ndogo. Kila anayemlaza mgeni India anatakiwa kumwandikisha kwa mamlaka ndani ya saa 24, na ashramu haina njia ya kukwepa hilo.

Kadi ya manjano inaulizwa kweli?

Inaulizwa. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya India ya nchi zenye homa ya manjano, na asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya uwanjani siku ya safari haikusaidii. Tangu 2016 cheti ni cha maisha. Mtanzania naye abebe, hasa akipitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa.

Nafikaje?

Mumbai ina ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi na Dar es Salaam. Kutoka Mumbai hadi Igatpuri ni treni ya saa mbili na ushee hadi tatu. Kwa Rishikesh, fika Delhi kisha chukua ndege ndogo hadi Dehradun, uwanja wa Jolly Grant, au treni hadi Haridwar na gari kutoka hapo. Kwa barabara kutoka Delhi ni kama kilomita 240, na usiku sikushauri.

Saa za India ziko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ukisoma ratiba, kumbuka pia kwamba "4:30" ni saa 10 na nusu alfajiri. Nimekutana na mtu aliyeisoma kwa mazoea ya Kiswahili akadhani anaamka kabla ya chakula cha mchana.

Inagharimu kiasi gani?

Kozi ya Vipassana haina ada: malazi, chakula na mafundisho vyote ni bure, na mchango unapokelewa tu kwa mtu aliyekwisha kumaliza kozi. Kabla ya hapo hata ukitoa pesa hawachukui. Ashramu hutoza kwa siku, na bweni ni nafuu kuliko chumba. Shule za walimu hutoza kwa mkupuo na hutaka amana. Soma vizuri masharti ya kurudishiwa. Mimi nililipa amana kwa shule moja nikaugua kabla ya safari, na barua zangu hazikujibiwa tena. Pesa taslimu za rupia zinahitajika, maana muuza maji na dereva wanalipwa kwa simu za kwao ambazo kadi yako haiziingilii.

Msimu upi?

Rishikesh: Februari hadi Aprili, au Oktoba na Novemba. Mei na Juni ni joto, Julai hadi Septemba ni mvua, na katikati ya mvua hizo kuna hija ya Kanwar inayojaza barabara za Haridwar watu hadi gari halisogei. Machi kuna tamasha la kimataifa la yoga, na vyumba hujaa mapema.

## Ukiwa ndani

Siku moja ya kozi ya kimya inaendaje?

Kengele saa 10 alfajiri. Saa 10 na nusu unakaa, hadi saa 12 na nusu asubuhi, ndipo kifungua kinywa. Kisha kukaa tena hadi saa 5. Chakula cha mchana ni saa 5 asubuhi, ndiyo, asubuhi, na ndicho mlo wa mwisho wa maana. Mchana wote ni kukaa kwa vipande. Saa 11 jioni wapya wanapata chai na matunda. Waliowahi kumaliza kozi wanapata maji ya limau. Usiku kuna mafundisho ya Goenka kwenye video (yeye alifariki 2013), na taa zinazimwa saa 3 na nusu. Ukijumlisha, unakaa karibu saa 10 kwa siku.

Siku tatu na nusu za mwanzo kazi ni moja: kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Huihesabu, huivuti kwa nguvu. Eneo la kuangalia linapunguzwa hadi libaki lile dogo juu ya mdomo, chini ya pua. Siku ya nne inaanza Vipassana yenyewe: unapitisha akili mwilini kuanzia utosini hadi vidoleni, ukigundua kila hisia, joto, mwasho, ganzi, bila kuikimbia wala kuing'ang'ania. Maelezo ni mepesi hivyo. Kuyafanya ni kwingine. Siku ya pili nilikuwa nimekwisha kupanga biashara tatu, nimegombana na mtu aliyenikosea 2009, na nimekumbuka maneno yote ya tangazo la sabuni la redio, na bado ilikuwa saa 3 asubuhi.

Kimya maana yake nini hasa?

Huzungumzi na wenzako, hata kwa ishara au macho. Hakuna simu, kitabu, kalamu. Unaweza kusema na mwalimu kuhusu njia, na wahudumu kuhusu shida kama choo kuziba. Wanaume na wanawake wanakaa mbalimbali.

Ugumu si kunyamaza. Kwetu ni kutosalimia. Kumpita mzee mlangoni bila "shikamoo", bila hata kuinamisha kichwa, iliniuma hadi siku ya nne. Jirani yangu ukumbini alikuwa akisafisha koo kila baada ya dakika chache, nami nikamchukia kama mtu aliyeniibia. Siku ya 10 kimya kilipofunguliwa alikuja wa kwanza, akaniomba radhi kwa kukohoa.

Magoti yangu hayatakubali. Nifanyeje?

Hakuna anayekulazimisha kukaa kama picha za kwenye kalenda. Omba mito, benchi dogo la kupigia magoti, au kiti. Watu wenye maumivu wanapewa viti. Siri ni kuinua makalio juu ya magoti, si kukunja miguu zaidi. Tuliozoea kukaa mkekani chuoni tuna nafuu kidogo, lakini kidogo tu. Kuanzia siku ya tano unatakiwa ujaribu kutobadili mkao saa nzima mara tatu kwa siku. Maumivu ya kawaida huja na kwenda. Maumivu makali ya goti lenye jeraha ni jambo jingine, mwambie mwalimu.

Chakula je?

Hakuna nyama, samaki wala mayai, na ashramu nyingine haziweki vitunguu na vitunguu saumu. Rishikesh mji wenyewe hauuzi nyama wala pombe. Utakula wali, dengu, chapati, mboga, mtindi, na achari ukibahatika. Ladha si ngeni kwa mtu aliyekulia Mombasa au Kariakoo. Chapati yao ni kavu, haina mafuta, usiitarajie ile yetu. Maji ya bomba usinywe.

Nibebe nguo gani?

Suruali pana na fulana zinazofunika mabega. Nguo za kubana acha. Kanga mbili ni mali: shuka, taulo, pazia, cha kujifunika ukumbini alfajiri. Ndala za kuvua haraka, na uzitie alama, maana mlangoni zipo mia na zote ni za bluu.

## Hali za pekee

Natumia dawa, au nimewahi kuugua akili. Naweza kwenda?

Andika kila kitu kwenye fomu. Kozi ya kimya ya siku 10 haifai kwa mwenye ugonjwa mkubwa wa akili, na wao wenyewe husema hivyo. Inaweza kuamsha mambo mazito mahali ambapo hakuna daktari wa akili. Usiache dawa ili "uwe safi". Mwenye kisukari aeleze mapema kuhusu saa za kula (tazama swali la siku moja ya kozi ya kimya). Ukirudi na homa, pima malaria na dengi pia, na useme ulikuwa India.

Nikishindwa katikati, naondoka?

Kwenye ashramu unalipa siku zako na kuaga. Kwenye kozi ya kimya unaahidi kukaa hadi mwisho, na ukitaka kuondoka unapelekwa kwa mwalimu, atakayekusihi ungoje kidogo. Hakuna anayekufunga kamba. Wengi wanaoondoka huondoka siku ya pili au ya sita, kwa nilivyoona.

Mwalimu akinishika nisipotaka?

Sema hapana, kwa sauti, hapo hapo. Kurekebisha mkao kwa mkono ni jambo la kawaida, lakini ruhusa inaombwa. Wapo walimu wenye majina makubwa katika yoga ya kisasa walioshutumiwa kwa kuwadhalilisha wanafunzi wao, kwa hiyo ndevu nyeupe na joho la rangi ya machungwa si kinga. Mwalimu akikuita chumbani kwake usiku kwa "somo maalumu", fungasha.

Mwanamke Mwafrika peke yake, kuna shida?

Ndani ya geti, kwa kawaida hapana. Nje utatazamwa sana, na watu wataomba picha; wengine hawaombi. Dada niliyesafiri naye alisukwa rasta, na Haridwar alizungukwa na familia nzima iliyotaka kuzigusa. Jifunze kusema "nahin", yaani hapana, endelea kutembea. Fika mchana, na gari la kukupokea lipangwe na ashramu.

Nikipata cheti cha ualimu wa yoga cha saa 200 nitaweza kufundisha nyumbani?

Cheti hicho huhusishwa na Yoga Alliance, shirika la usajili la Marekani, wala si leseni ya serikali. Hoteli za Zanzibar na Diani hukiuliza. Lakini wiki tatu au nne haziwezi kukufanya mwalimu kama hukuwa na miaka ya mazoezi nyuma yako.

Nikimaliza kozi ya kimya, nikate tiketi ya ndege siku hiyo hiyo?

Usikate. Kozi inaisha asubuhi ya siku ya 11, mapema, na kwa saa, muda unatosha kabisa kuwahi ndege ya usiku Mumbai. Kwa kichwa hautoshi. Kwenye jukwaa la stesheni ya Igatpuri muuza chai aliniuliza kikombe kimoja au viwili. Nikamtazama, nikatazama chai, maneno hayakuja. Akanimiminia kimoja, akanyoosha vidole kuonyesha bei, akamhudumia aliyefuata. Bila shaka alishawaona wengi wa aina yangu.